Mkweche wa Zgierz

Bi Kunegunda alizihesabu noti mara mbili,
zloti hamsini, bei ya kutupa,
kisha akaipangusa kwa ncha ya aproni
kama anayemfuta mwanawe makamasi
kabla ya kumkabidhi kwa mwalimu.
Hakusema kwaheri. Alisema, "Msiilaze ubavu."

Tukaileta Łódź kwa tramu, mimi na Jagna,
pipa jeupe la bati katikati ya magoti ya watu,
na juu yake roli mbili za kukamulia, zimeng'ata hewa.
Kijana mmoja akauliza kama ni ya kutengenezea bia.
"Baba," Jagna akaninong'oneza, "tumenunua ugonjwa."

Wiki nzima jikoni kulinuka siki.
Nilikwangua chokaa ya maji ya miaka arobaini,
nikaipiga kutu msasa hadi kucha zikawa rangi ya chai.
Mkanda ulikuwa umekauka, ukiukunja unapasuka kama ganda la kitunguu;
mpya niliupata kwa muuza spea za cherehani,
mzee asiyeinua kichwa. Aliupima kwa jicho, akasema, "Huo."
Kwenye bomba la kutolea maji nilitoa
kibanio cha nywele, vifungo vinne,
sarafu isiyonunua tena kitu,
na uzi mwekundu mrefu, mrefu,
nikawa nauvuta kama neno kinywani mwa mkaidi.

Nikaiwasha. Ikaguna.
Ikaguna tu, kama mtu aliyeamshwa alfajiri,
rota haisogei.
Umeme wa ngazi nzima ukakatika, na kutoka ghorofa ya pili
Bwana Zenobiusz akanitaja kwa jina langu na la mama yangu.
Kumbe kapasita, kitu cha ukubwa wa kidole gumba.
Nilipoibadilisha, maji yakashika duara,
povu likapanda, na shuka la buluu
likazama, likaibuka, likazama.

Haina saa, haina taa, haijui kuimba ikimaliza.
Haijui hata kumaliza: itazungusha mpaka useme basi.
Mimi nilizoea ile ya kuwashwa na kuachwa
(mke wangu alipohama aliondoka nayo,
na ni haki yake, yeye ndiye aliyeilipia).
Hii inataka mtu asimame hapo.
Jagna alishika mpini wa roli, mimi nikawa nazilisha nguo,
vifungo tumevikunjia ndani, vyote isipokuwa kimoja:
kiliruka, kikaligonga birika, nge!
Hatukuwa tumecheka pamoja tangu Machi.

Ila ilitembea.
Ikishika kasi tu, inavuka sakafu kutoka sinki hadi mlangoni,
inauvuta waya wake kama mbuzi wa kufungwa.
Nilikuwa nimeivisha raba mpya miguu yote minne,
nimepima kwa pimamaji, tone la hewa katikati kabisa.
Nikaikalia. Ikatembea na mimi.

Jumapili simu ikalia. Bi Kunegunda.
Hakuuliza kama inafua.
"Mguu wa nyuma, wa kushoto," akasema,
"ile soli mmeitupa?"
Soli ya kiatu cha mtoto, ya ngozi, imefungwa kwa uzi mguuni.
Nilidhani takataka.
"Hapana," nikasema, "ipo,"
nikashuka ghorofa nne kwa ndara, theluji uani,
nikachakura pipa la taka, maganda ya viazi, majani ya chai,
Jagna ananimulikia kwa simu yake
bila kuuliza lolote.

Sasa inasimama palepale.
Inatetemeka kidogo kushoto, basi.
Kabla sijaifunga tena, Jagna aliipima soli kiganjani mwake;
haikuvifikia vidole.
Ya nani, hatukuuliza.
Jumatano tunafua nyeupe.